Milima Mitatu Kabla ya Magharibi

Katika nchi yetu, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu nikiwa shule ya msingi, Mtukufu Kiongozi alizungumza redioni Jumatatu moja asubuhi. Alisema kwamba alipokuwa kijana alipanda milima mitatu, Ngwena, Shuwari na Kidole, kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Alilisema hilo kwa kupita tu, akiwa anaeleza kwa nini sukari imepanda bei. Sukari tukaisahau. Kufikia adhuhuri Wizara ya Miinuko ilikuwa imetangaza kwamba siku ya kuzaliwa kwake wananchi sita, mmoja kwa kila mkoa, wataipanda milima hiyo hiyo kwa saa hizo hizo kumi na mbili, ili ulimwengu uone.

Mimi naitwa Chengo Maulidi. Nilikuwa karani wa ramani katika wizara hiyo, kazi niliyoipenda kwa kuwa hakuna aliyekuja kuiulizia ramani yoyote. Watu wa kwetu hawaulizi njia. Wanaogopa kujulikana kwamba kuna mahali wanataka kwenda.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mke wangu hakuuliza kitu. Alifunga kwenye kitambaa mswaki, nguo ya ndani na andazi moja, kama wanavyofanya wake wote wa mtaani kwetu gari jeupe linapokuja.

"Baba Rukia, nikutilie sweta?"

"Sijui ninakopelekwa kuna baridi au joto."

"Basi nitatia," akasema, akanipa kifurushi bila kunitazama usoni.

Tulipofika njia panda, gari likakata kushoto, kuelekea wizarani. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Kulia sitaeleza kuna nini.

Waziri wa Miinuko, Mheshimiwa Pelegrini Ndauka, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Ofisi yake ilikuwa chini kabisa, karibu na lango, kwa kuwa ngazi zilimsumbua. Alinikaribisha chai, jambo lililonitia hofu zaidi kuliko kama angenifokea.

"Utapanga safari hii wewe," akaniambia. "Njia, muda, mabasi, vyakula. Na kwa kuwa umeipanga, utakuwemo. Unawakilisha Mkoa wa Kati."

Nilirudi baada ya siku tatu na hesabu zangu. Nilikuwa nimezipiga kwa kanuni ya zamani ya wapanda milima: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita mia sita za kupanda. Nilizirudia mara nne.

"Mheshimiwa, kwa mwendo wa mtu mwenye afya, milima yote mitatu, pamoja na basi kutoka mlima hadi mlima, ni saa kumi na nane. Hapo hakuna kula, wala kwenda haja, wala kufunga kamba ya kiatu."

"Mtukufu alitumia kumi na mbili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Nasema hesabu yangu ina kasoro."

"Nimefurahi kusikia hivyo. Mtangulizi wako alisisitiza kwamba hesabu zake hazina kasoro."

Mtangulizi wangu niliambiwa alikwenda masomoni. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Lazima yalikuwa masomo makubwa.

Waziri akainuka, akafunga mlango mwenyewe, akakaa karibu nami kiasi cha kunusa karafuu aliyokuwa akitafuna. "Nisikilize vizuri, Karani. Mkifika baada ya saa kumi na mbili, mmemwaibisha Mtukufu. Mkifika kabla yake, mmemshinda. Sijui lipi baya zaidi na sitaki kujua. Mtafika saa kumi na mbili kamili. Na kumbuka, Mtukufu alisema *alipanda*. Kushuka hakukutaja popote."

Ndivyo nilivyookoa saa mbili: safari ingehesabiwa kuwa imekwisha juu ya kilele cha Kidole, na kushuka kwake kungekuwa shauri letu. Saa nyingine nilizipata kwa kulipeleka basi mpaka mwisho wa mashamba, chakula nikakiweka ndani ya basi, na mahali palipoandikwa "kutembea" nikaandika "kutembea kwa moyo." Ratiba ikatimia saa kumi na mbili. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Niliitazama nikaona watu wakifa ndani yake.

Kikosi kiliteuliwa kwa hekima. Kaskazini walitoa mwalimu wa kwaya. Magharibi wakatoa mchinjaji wa ng'ombe. Mashariki wakatoa fundi cherehani mwenye goti bovu, kwani ilikuwa zamu ya ukoo wake kupata heshima. Mkoa wa Milimani ulimtoa Bi Sikitu Malembo, mama wa miaka hamsini na miwili, aliyekuwa akipeleka barua kwa miguu katika vijiji vya huko juu kwa miaka thelathini. Wa sita, kutoka Mji Mkuu, alikuwa Gervasi Lutambi, kijana mtulivu mwenye buti mpya, saa kubwa mkononi na daftari dogo la jalada jeusi. Yeye alikuwa mtunza saa wetu. Hakutuambia anafanya kazi wapi, na kwa hilo tukajua.

Kikao cha vifaa kiliongozwa na Waziri. Bi Sikitu ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Tunataka tochi sita."

"Za nini? Mtafika kileleni jua lipo."

"Na kushuka je, Mheshimiwa? Na ukungu?"

"Mama, kubeba tochi ni kumwambia Mtukufu kwamba hatuna imani na jua lake."

Tochi zikafutwa. Bandeji zikafutwa pia, ikabaki moja ya maonyesho. Kuhusu mvua, Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeandikiwa barua, nayo ikajibu kwamba mvua haina pingamizi na sherehe hizo.

"Na atakayezidiwa njiani?" Bi Sikitu akauliza. "Kundi huenda kwa mguu wa aliye nyuma. Mkimwacha, hilo si kundi tena, ni watu waliopotea."

Gervasi aliandika kitu.

"Hakuna atakayekuwa nyuma," Waziri akasema. "Karani, iandike hiyo."

Nikaiandika: Hakuna atakayekuwa nyuma. Ikapigwa muhuri.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Bi Sikitu, Gervasi na mimi tulikwenda kuikagua njia ya Kidole, mlima wa mwisho na mrefu kuliko yote. Gervasi alikuwa na malengelenge kwa sababu ya buti zake, akabaki kwenye kijito kulowesha miguu. Sisi wawili tukaendelea mpaka kwenye pango dogo, nusu ya njia. Nilitoa ratiba nikasema kwamba kutoka hapo mpaka kileleni nimeweka saa moja na nusu.

"Usiweke hivyo," akasema. "Ni saa tatu. Usiwadanganye watu mahali hapa. Hata yeye mwenyewe hakuvuka hapa."

"Yeye nani?"

"Huyo wenu. Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi. Kijana alifika hapa pangoni, akakaa pale ulipoweka mfuko wako, akalia. Baba alimbeba mgongoni mpaka chini. Alipanda nusu ya mlima mmoja, basi. Si aibu, mlima humkataa mtu yeyote. Lakini wewe ndiye unayeandika saa, Bwana Chengo, ndiyo maana nakwambia."

Nilitamani masikio yangu yangekuwa ya mtu mwingine. Nilitaka kumwomba ayarudishe maneno yale kinywani. Nilipogeuka kumtafuta wa kumwogopa, alikuwepo: Gervasi alikuwa ameketi juu ya jiwe, hatua kumi nyuma yetu, akifunga kamba za buti.

"Njia inaonekana nzuri," akasema.

Sikuweza kujua ameketi hapo tangu lini. Kwa siku kumi na nne zilizofuata kila gari lililopunguza mwendo mtaani kwetu lilinisimamisha. Mke wangu alikifunga tena kile kifurushi akakitundika nyuma ya mlango, na hatukukizungumzia. Gervasi kila tulipokutana alinisalimia kwa adabu, akiniuliza hali ya nyumbani, na adabu ile ilinichoma kama pilipili jichoni.

Siku ikafika. Saa ilianza kuhesabiwa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza nyuma ya Ngwena, kisha Waziri akatuhutubia kwa dakika arobaini juu ya thamani ya kila dakika. Tulimpigia makofi huku tukianza kukimbia.

Ngwena tuliumaliza tukihema. Katika Shuwari goti la fundi cherehani lilikataa kabisa. Tulimrudisha kwenye basi, tukamlaza chini ya kiti cha nyuma na kumfunika magunia, kwani kwa mujibu wa waraka alikuwa bado anapanda. Kidole tulianza saa nane na nusu mchana, watu watano, na manyunyu ya baridi yalianza pamoja nasi bila pingamizi lolote.

Mwalimu wa kwaya na mchinjaji walitangulia. Tulipolivuka pango, Gervasi alianza kuyumba kama mlevi. Akatapika. Akaniuliza, kwa sauti ya kitoto, mbuzi tumewaacha wapi. Halafu akakaa chini kwenye matope, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau lililoiva.

Bi Sikitu alimshika kidevu, akamtazama macho. "Ugonjwa wa mlima. Dawa yake ni moja, kushuka, na ni sasa hivi."

"Na muda?" nikasema. "Bi Sikitu, imeshapita saa kumi."

"Muda wa nani?" akanijibu. "Nakwenda kuwaita wale wawili wasaidie kumbeba. Kaa naye, mzungumzishe, asilale."

Akapotelea kwenye ukungu. Nikabaki na yule mtu niliyemwogopa kuliko wote duniani, naye alikuwa akitetemeka, macho nusu wazi, nusu yamefumba. Nilimfungua koti nimvalishe sweta langu, na lile daftari likaanguka mapajani mwangu.

Nilipaswa kulirudisha. Nililifungua. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. *Fundi cherehani: alitabasamu wakati wa wimbo wa taifa. Mwalimu wa kwaya: aliulizia bei ya sukari. Sikitu Malembo: asema baba yake alimbeba Mtukufu mgongoni, asema Mtukufu alilia. Chengo Maulidi: aliyasikia hayo. Hakuripoti. Leo siku ya kumi na nne.*

Chini yake alikuwa ameandika: *Kuwasilisha baada ya sherehe.*

Nilimtazama. Pumzi yake ilikuwa fupi. Nikawaza jambo ambalo mpaka leo najisikia vibaya kulitamka. Nikawaza kwamba sihitaji kufanya kitu chochote. Ukungu ulikuwa mzito. Ningesogea kidogo tu, halafu ningesema aliinuka mwenyewe, nikampoteza. Mlima ungefanya kazi iliyobaki, na Bi Sikitu angezeeka, na mwanangu Rukia angekuwa na baba.

Nikalirudisha daftari ndani ya koti lake, nikasimama, nikaondoka. Nilikwenda kama hatua thelathini. Kisha nikageuka nyuma, na sikuona kitu. Hakukuwa na jiwe wala njia wala mbingu, weupe mtupu, na mimi ndani yake. Ningependa kuandika kwamba utu ndio ulionirudisha. Ulikuwa woga. Niliogopa kubaki peke yangu mahali pale kuliko nilivyomwogopa Gervasi, nikarudi nikitambaa kwa mikono, nikipapasa mawe, mpaka nikashika buti lake jipya. Nikaketi nikamkumbatia, nikaanza kumsimulia habari za mbuzi, rangi zao na majina yao, mpaka wenzetu walipofika.

Mchinjaji alimweka mgongoni kama anavyobeba paja la ng'ombe, Bi Sikitu akamfunga kwa kanga asidondoke, tukaanza kushuka. Hakuna aliyetaja saa. Tulijua sote kwamba tumekwisha.

Jua lilipokuwa linazama tulikuwa bado kwenye msitu wa mianzi. Mwalimu wa kwaya alitoa redio yake ndogo, akaifungua, kwa kuwa ni sheria kusikiliza wimbo wa saa kumi na mbili popote ulipo. Wimbo ukapigwa. Kisha mtangazaji, akilia kwa furaha, akasema kwamba wazalendo sita wamesimama juu ya kilele cha Kidole saa kumi na mbili kamili, bila kuzidi wala kupungua dakika, na tayari helikopta imewafikisha uwanjani mbele ya Mtukufu.

Tulisimama. Mvua ilitiririka kwenye majani.

"Na sasa," redio ikasema, "anazungumza Bwana Chengo Maulidi wa Mkoa wa Kati."

Nikasikia mtu mwenye sauti nzito, nzuri kuliko yangu, akisema kwamba yeye, Chengo Maulidi, hakuona uchovu, kwani katika kila jiwe aliona alama ya unyayo wa Mtukufu. Watu wakashangilia. Akaongeza jambo kuhusu mama yake mzazi, na kwa mama yangu lilikuwa kweli.

"Kama wewe uko uwanjani," mwalimu wa kwaya akaninong'oneza, "huyu niliyesimama naye ni nani?"

"Tukionekana hapa," mchinjaji akaanza, akanyamaza.

Sijawahi kuhisi baridi kama ile. Kuchelewa kuna adhabu yake inayojulikana. Lakini kuwa mahali ambapo redio imesema haupo, hilo halina adhabu iliyoandikwa, na kwetu yasiyoandikwa ndiyo mabaya.

Chini ya mlima basi lilikuwa limeshaondoka, na fundi cherehani ndani yake, kwani safari ilikuwa imekwisha. Barabarani palikuwa na kizuizi na askari watano. Hapakuwa na njia nyingine ya kupita na mgonjwa. Ofisa wao, mtu mzima mwenye mvi, alitumulika mmoja mmoja.

"Nyinyi ni nani?"

Swali dogo kabisa, na watu wanne wazima hatukuwa na jibu. Majina yetu yote yalikuwa uwanjani yakila pilau.

Hapo Gervasi akafumbua macho. Kushuka kulikuwa kumemrudishia akili. Niliona macho yamekuwa makali kama zamani. Nilijua kwamba ana kitambulisho kinachofungua kila kizuizi nchini, na kwamba neno lake moja lingemweka yeye hospitali na sisi kulia kwa ile njia panda. Mkono wake ukaingia ndani ya koti. Ukakaa humo. Kisha mkono ukatoka, mtupu.

"Mimi ni mgonjwa, afande," akasema. "Hawa wanakijiji wananipeleka hospitali."

"Jina lako?"

"Kichwa kinauma. Silikumbuki."

Ofisa alimtazama muda mrefu, akatazama buti mpya, akatutazama sisi. Nadhani alikuwa amesikiliza redio. Nadhani naye alikuwa na watoto. "Pitisheni mgonjwa," akasema.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mke wangu alifungua mlango kidogo, akanivuta ndani, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Nilikuona kwenye televisheni," akasema. "Ulikuwa mrefu, na una meno yote. Majirani walikuja kunipongeza, nikawapikia chai, nikacheka nao. Walipoondoka nililala chini nikalia, maana nilijiambia, kama yule ndiye Chengo, basi wangu wameshamwondoa."

Kazini nilimkuta yule mrefu kwenye kiti changu. Aliniuliza kwa upole nina shida gani. Nikamwambia nimekosea mlango. Siku hizi nambebea Bi Sikitu mfuko wa barua, kwa jina nisiloliandika hapa, na naishi na watu wangu katika kijiji ambacho hakimo kwenye ramani. Ramani ile niliichora mimi, kwa hiyo nina hakika.

Siku ya tatu baada ya mlima nilikwenda hospitali na machungwa manne. Muuguzi alinikatalia kabisa.

"Gervasi Lutambi? Huyo yuko gazetini, mzima, na nishani kifuani. Hapa tuna Kitanda cha Sita tu."

Kitanda cha Sita kilikuwa kimekatwa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Nilikaa kando yake nikaanza kumenya chungwa, huku bado sijui kama atatushtaki.

"Lile daftari," nikasema.

"Lile ni la Gervasi. Gervasi yuko mjini, anakula kuku."

Nilimenya mpaka ganda likaisha. Kulikuwa na jambo ambalo lisingeniacha nilale. "Bwana Lutambi, kule juu, Bi Sikitu alipokwenda kuwaita wenzetu, nilikuacha. Niliondoka kama hatua thelathini."

"Thelathini na nne," akasema. "Nilikuwa nahesabu."

"Kwa nini hukuniita?"

Aligeuza uso, akatazama ukuta. "Ningekuwa mimi, nisingerudi," akasema. "Nililala pale nikisubiri ufanye kama ambavyo ningefanya."

Nje ya mlango viatu vizito vilipita vikigonga sakafu. Vilikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, vikasimama, vikageuka, vikapita tena, vikaenda zao. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kipande cha chungwa.